Kisu Hakikati? Tafuta Ugonjwa Wake Kabla Hujanunua Kingine

Chukua nyanya iliyoiva vizuri, ile laini ya kachumbari, uiweke mezani. Lalisha makali ya kisu chako juu ya ganda lake, usikandamize, kisha kivute mara moja kuelekea kwako. Kisu kizima huzama karibu kwa uzito wake. Kisu kigonjwa huteleza, au huibonyeza nyanya mpaka mbegu zinatokea upande wa pili.

Hapo ndipo ninapoanzia kila ndugu au jirani anaponiuliza anunue kisu gani. Hapa Mtwara swali hili huja zaidi mwishoni mwa mwaka, msimu wa korosho, pesa zikiwa zimeingia na kila nyumba inaongeza vyombo. Mimi humwomba kwanza alete kisu chake cha zamani. Mara nyingi tukikaa nacho robo saa inaonekana hakuwa na haja ya kipya. Na akiwa na haja kweli, hicho cha zamani ndicho kinachotuambia kipya kiweje: kiliumwa nini, kiliumizwa na nini, na kazi gani ilikishinda. Kwa hiyo nimefuata malalamiko yenyewe jinsi watu wanavyoyasema jikoni. Tafuta lako, kisha shuka mpaka mwisho ndipo uende dukani.

Kwanza jibu hili: unakatia wapi?

Mafunzo mengi ya mapishi huanza na kisu kirefu cha sentimita 20 na ubao mpana. Jikoni kwetu mambo ni mengine. Mama amekaa kwenye kigoda, sufuria iko mbele yake, kitunguu kiko kiganjani, na kisu kinakuja kuelekea kidole gumba. Mchicha unabanwa fungu zima kwa mkono wa kushoto na kukatwa kidogo kidogo, unaangukia kwenye ungo. Kidole gumba ndicho ubao wetu.

Jambo hilo linaeleza mengi. Anayekatia kwenye kidole hawezi kukipenda kisu kikali sana, kwa hiyo hukiacha kifike ule ubutu wa kukata kitunguu bila kukata ngozi. Miezi inapita, kisu kinazidi kufa, naye anazidi kukandamiza. Siku kinapoteleza juu ya muhogo, kinaingia mkononi na nguvu zote alizokuwa akizitumia. Vidonda vya kisu nilivyovifunga nyumbani kwetu, vingi vilitokana na kisu butu, na karibu vyote vilitokea kwenye muhogo au boga.

Basi kazi ya mkononi ipewe kisu chake: kidogo, chepesi, bapa la sentimita 8 hadi 10, makali ya wastani. Kisu kikubwa kikali kisiingie kiganjani hata siku moja. Hicho ni cha ubao. Kama una pesa ya kununua kitu kimoja tu na huna ubao, nunua ubao. Ninajua umekuja kusoma habari za visu, lakini bila ubao kisu kizuri kitakutisha, utakiweka kabatini, utarudi kwenye kile butu.

Shangazi yangu wa Lindi alikatia mkononi maisha yake yote. Nilimpelekea ubao wa mwembe na kisu cha sentimita 18. Akashukuru, akauegemeza ubao ukutani, akaendelea na kisu chake cha mpini wa bluu. Miezi ikapita. Ikaja shughuli ya maulidi na karai zima la vitunguu, mikono yake inamuuma. Nilimkuta ameuweka ubao juu ya kinu kilichopinduliwa, anakata kwa kuvuta, hakandamizi, vitunguu vinalala kama karatasi.

“Shikamoo shangazi. Naona umeuchukua.”

“Marahaba mwanangu. Huu nao una kazi yake. Lakini mchicha niachie mkononi.”

Na alikuwa sahihi kwa yote mawili.

Kinaponda nyanya, na kitunguu kinanitoa machozi kuliko zamani

Malalamiko haya mawili ni ugonjwa mmoja. Kisu kikali hupita katikati ya kitunguu na kuacha sehemu kubwa ya maji yake ndani. Kisu butu hukisaga pale kinapopita, maji yanaruka, na ile hewa inayochoma macho inatoka kwa wingi. Ukiona watu wa nyumbani wameanza kulia zaidi, kitunguu hakijabadilika.

Sasa lazima ujue kama makali yamelala au yameisha, maana tiba zake ni mbili. Shika kisu makali yakitazama juu, simama dirishani mwanga ukipiga kutoka mbele yako, ukitazame toka mpini mpaka ncha. Makali mazima hayaonekani. Ni membamba mno kurudisha mwanga. Ukiona uzi unaong'aa toka mwanzo hadi mwisho, makali yameisha, yamekuwa duara. Ukiona vidoadoa vya mwanga hapa na pale, ama kuna sehemu zilizochoka, ama makali yamejikunja upande mmoja.

Yaliyojikunja hunyooshwa, hayahitaji kunolewa. Wauza nyama wana ile fimbo ya chuma wanayopitishia kisu kila baada ya vipande vichache. Kazi yake kubwa ni kuyasimamisha makali. Nyumbani tumia kitako cha kikombe cha udongo, ile duara ya chini isiyopakwa rangi ya kung'aa. Pitisha kisu taratibu, mara tano kila upande, kikiwa kimeinuliwa kidogo tu. Kikombe hula chuma kiasi, kwa hiyo kinasaidia hata makali yaliyochoka nusu.

Yaliyoisha yanataka kinoo. Maduka ya vifaa vya ujenzi huuza jiwe la pande mbili, upande mmoja wa kukwaruza na mwingine laini. Kama lina namba, 400 au chini yake ni ya kurekebisha, 1000 ndiyo ya makali ya kila siku. Lisilo na namba lipapase kwa kidole, utajua upande wa kuanzia. Liloweke kwenye maji mpaka liache kutoa mapovu, uliweke juu ya kitambaa chenye unyevu lisiteleze.

Kinachowashinda wengi ni mlalo. Kisu kikilazwa kabisa kinakwaruza bapa na hakigusi makali. Kikisimamishwa sana kinajitia ubutu. Unataka kati ya nyuzi 15 na 20. Kwa kisu chenye bapa pana la sentimita 4, inua mgongo wake kama sentimita moja na robo kutoka kwenye jiwe, yaani unene wa kidole cha mwisho. Kwa kile kidogo chenye upana wa sentimita 2, nusu ya hapo. Weka kidole chako hicho chini ya mgongo wa kisu, angalia mlalo ulivyo, kitoe kidole, mkono ukumbuke. Kisha sukuma na kuvuta kwa mlalo uleule, upande mmoja tu, toka karibu na mpini mpaka ncha. Usibadilishe upande mpaka uhisi kitu: pitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea makali na kuyavuka, kwa upande wa pili ambao hukuunoa. Utakuta kikwaruzo chembamba, kama uzi uliokunjikia huko. Huo ni ushahidi kwamba jiwe limefika kwenye makali. Wengi huacha kabla ya kufika hapo, ndiyo maana husema wamenoa na kisu hakikati.

Ukikihisi kikwaruzo toka mwanzo hadi mwisho, geuza, fanya upande wa pili mpaka kirudi upande wa kwanza. Nenda upande laini wa jiwe. Malizia kwa mipigo myepesi ya kupokezana, moja huku moja kule, ukipunguza nguvu mpaka kisu kiwe kinaligusa jiwe tu. Kipitishe kinyumenyume kwenye mkanda wa ngozi mara kumi. Rudi kwenye nyanya.

Nimekinoa vizuri, baada ya siku mbili kimekuwa butu tena

Hapa ndipo pa kukaa, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotelea.

Sababu ya kwanza kuitazama ni kile unachokatia juu yake. Sinia la stenlesi, sahani ya kauri, kaunta ya marumaru au vigae, ubao wa kioo unaouzwa kwa maua mazuri: vyote vinaua makali kila vinapoguswa. Kuna jirani alikuwa ananoa kila wiki na kulaumu kisu. Akikata nyama, aliweka juu ya sinia. Ubao wa mti ndio mzuri, ila nao si kila mti. Huku kwetu mpingo uko karibu, na kuna wanaoona fahari kuwa na ubao wa mti ambao Wamakonde wanachongea vinyago. Mpingo ni mgumu mno kwa kazi hii, uache kwa wachongaji. Mwembe ni mzuri kwa sababu unakubali makali yaingie kidogo. Ubao wa plastiki ile nyeupe nzito nao unafaa, na kwa samaki husafishika kirahisi.

Kama ubao ni sawa, shuku chuma chenyewe. Kisu kinashika makali kwa sababu chuma chake kina kaboni ya kutosha na kilipashwa moto na kupozwa ghafla kikawa kigumu. Chuma cha vijiko na masufuria ya stenlesi hakikubali kufanywa kigumu kwa njia hiyo. Kuna visu vimetengenezwa kwa chuma cha aina hiyo: vinang'aa, vinapendeza, vinanoleka haraka, na makali yake yanaondoka na vitunguu vitatu.

Sumaku itakuambia. Toa sumaku kwenye spika mbovu ya redio na uiguse kwenye bapa. Isiponata, au ikinata kwa kujikokota, hicho ni chuma cha kijiko. Usikinunue, na kama unacho, kipeleke kwenye kupaka siagi. Ikinata kwa nguvu, kisu kimevuka mtihani wa kwanza, lakini kumbuka hata bati na msumari hunata. Hapo soma bapa. Maandishi ya 18/10 au 18/8 ni ya vijiko: asilimia 18 ya kromiamu na 10 au 8 ya nikeli. Ukikuta 3Cr13, hicho ni chuma cha kisu cha bei ya chini chenye kaboni kama asilimia 0.3, kitafanya kazi, utakinoa mara nyingi. Ukikuta 5Cr15MoV au X50CrMoV15, kaboni imefika karibu asilimia 0.5 na kromiamu 15, na kwa nyumba ya kawaida huna haja ya kutafuta zaidi. Neno la Kiingereza la kusema hakishiki kutu, “stainless”, likiwa peke yake, halikuambii lolote kuhusu makali.

Sababu ya tatu ni yule aliyekunolea. Wapo wanoaji wa mtaani wenye jiwe linalozungushwa kwa baiskeli. Kazi yao ikiwa taratibu ni nzuri, mwambie tu asile chuma kingi. Ninayemwogopa ni fundi wa kuchomelea mageti anayekipitisha kisu kwenye grenda. Cheche zinaruka, kinarudi kinanyoa nywele za mkono, unafurahi. Tazama karibu na makali: ukiona rangi ya buluu au zambarau, chuma kimeungua. Kwa chuma cha kaboni, kile kisicho cha stenlesi, buluu hujitokeza kwenye nyuzijoto takriban 300 za Selsiasi, na visu vingi vya jikoni vilimaliziwa kiwandani kwa joto la chini ya hapo ili vibaki vigumu. Ule ugumu umeondoka sehemu ile na haurudi kwa kunoa. Dawa iliyobaki ni kula chuma polepole kwenye kinoo mpaka uvuke palipoungua, kazi ya siku kadhaa. Niliwahi kupoteza hivyo kisu cha marehemu mama yangu, nikakirudisha baada ya mwezi, chembamba milimita mbili kuliko kilivyokuwa. Tangu siku ile fundi yeyote anayeshika kisu changu anawekewa ndoo ya maji miguuni: anagusisha, anachovya, anagusisha, anachovya.

Kimeshika kutu, na nilikinunua kama kisichoshika kutu

Wa Masasi na Newala wanaweza kupita haraka hapa. Sisi wa Shangani, Mikindani, Lindi na Kilwa tuna chumvi hewani mwaka mzima, na baadhi yetu tuna chumvi kisimani.

Chuma cha stenlesi kimetiwa kromiamu, angalau asilimia kumi na nusu, na hiyo kromiamu ikikutana na hewa hufanya ngozi nyembamba isiyoonekana inayokinga chuma kilicho chini. Kwa visu, chuma hicho kimejulikana tangu mwaka 1913, Harry Brearley alipokitengeneza Sheffield, Uingereza, mji ambao tayari ulikuwa ukiishi kwa visu. Ngozi ile ikikwaruzwa hujirudisha yenyewe. Adui yake ni chumvi ikikaa na maji juu yake kwa saa nyingi: huitoboa vitobo vidogo, kutu inaingilia hapo, na kitobo kinakwenda chini kuliko upana wake.

Mara nyingi hutokea hivi. Umetengeneza pweza au changu jioni, ukakamulia ndimu, ukatia chumvi, kisu ukakiweka kwenye beseni na vyombo vingine. Asubuhi kina madoa kama tembe za pilipili manga. Hakikuwa kisu kibaya. Kioshe mara tu unapomaliza samaki, kifute kwa kitambaa kikavu, kiegemeze mahali penye hewa. Usikirudishe kwenye ala ya ngozi au boksi la karatasi kikiwa na unyevu, na usikilaze juu ya sinki. Madoa mapya hutoka kwa majivu laini ya mkaa na kitambaa chenye maji. Sugua kwa kufuata urefu wa bapa.

Kisu cha kaboni ni habari nyingine. Hivi ni vile ambavyo wahunzi wetu hufua kutokana na springi za gari, vinauzwa kwenye magulio pamoja na majembe na mapanga. Ninavipenda, niseme wazi. Chuma cha springi kinashika makali vizuri sana na kinanoleka kwa raha. Lakini kitageuka rangi. Kitunguu kitakitia kijivu, embe bichi litakitia madoa, na ukikata bibo la korosho nalo lina ukakasi wa kutosha kukifanya cheusi kama wino mbele ya macho yako, maana ukakasi ule ukikutana na chuma hutoa weusi. Weusi huo na ukijivu hauna ubaya, ni kinga. Kinachotakiwa kuondolewa ni kutu nyekundu. Kipake mafuta ya nazi kidogo, kama unavyopaka mkono, kila kinapolala. Kama nyumba yako ina watoto wanaoosha vyombo na kuviacha kwenye maji, usinunue kisu cha kaboni, mtagombana bure.

Korosho yenyewe usiibangue kwa kisu cha jikoni. Mafuta ya ganda lake yanaunguza ngozi, yananasa kwenye mpini, na jioni kisu hicho kinakwenda kukata embe la mtoto.

Kinakata nyanya vizuri, lakini muhogo kinakwama katikati

Watu hukinoa tena na tena kisu cha namna hii, na makali hayana kosa. Tatizo ni unene. Kata muhogo mbichi utazame: makali yanaingia sentimita moja, halafu kisu kinakuwa kabari, muhogo unapasuka kwa mlio, kipande kimoja kinaruka. Bapa ni nene juu ya makali na halishuki wembamba taratibu. Boga, viazi vikubwa na papai bichi vitakuonyesha hivyohivyo.

Tazama kisu kutoka mbele ya ncha, kama unayelenga shabaha. Kizuri huonekana kama kabari ndefu sana: mgongoni karibu na mpini kina milimita 2 hivi, kikishuka kinakonda mpaka kinapotea. Kilicho nene mpaka karibu na makali na kukonda ghafla kwa milimita ya mwisho kitakwama siku zote. Fundi mvumilivu anaweza kukikondesha kwenye jiwe la maji. Kwa kisu cha bei ndogo haifai gharama. Hii ndiyo sababu halali ya kununua kingine.

Wakati unasubiri, menya muhogo kwa njia ya wazee: chora ganda kwa ncha mstari mmoja wa urefu, ingiza ncha chini ya ganda, lizungushe litoke lenyewe. Kisha kata vipande vifupi kwanza, ndipo upasue kwa urefu ukiwa umesimamisha kipande juu ya ubao.

Kinateleza kwenye samaki

Magamba hula makali. Paa kwa mgongo wa kisu au kwa kijiko, ndipo ugeuze. Ngozi ikiendelea kuteleza, huenda umekinoa mpaka kikawa laini mno. Ngozi ya samaki na ya nyanya zinataka makali yenye meno madogo, kwa hiyo ishia kwenye 1000 na usiende kwenye jiwe laini zaidi. Nguru na jodari wa soko la samaki la Feri wakatwe kwenye maungio ya uti wa mgongo: papasa kwa ncha mpaka ipate pahali panapozama, bonyeza hapo. Ukigonga katikati ya pingili unaharibu kisu na nyama pia. Kichwa cha kolekole ni kazi ya panga.

Kimemeguka, au ncha imevunjika

Mwaka juzi nilitumia ncha ya kisu changu kutenganisha vipande viwili vya jodari vilivyogandana kwenye friza. Ncha ilibaki ndani ya barafu. Tangu hapo samaki wa friza nampa saa moja ya kulainika. Sababu nyingine ni kuvunjia nazi, kukata mfupa, na kukisokota kisu kikiwa kimekwama. Pengo dogo lisilofika milimita moja huondoka kwenye upande wa kukwaruza wa kinoo. Ncha iliyovunjika usiinoe kutoka upande wa makali. Kula mgongo ukishuka mpaka ukutane na makali, utapata ncha mpya na mwinuko wa makali utabaki ulivyo.

Hapa pia kuna somo la kununua. Visu vya mtindo wa Kijerumani, kama vya mji wa Solingen, huwa na ugumu wa karibu 56 hadi 58 kwa kipimo cha Rockwell. Vingi vya Kijapani hufika 60 na kuzidi. Vigumu hivyo hushika makali muda mrefu, lakini vikigusa mfupa wa changu au kusokotwa ndani ya muhogo humeguka. Kwa jikoni la pwani mimi huchagua kisu cha chuma laini kidogo. Kukinoa mara moja zaidi kwa mwezi ni kazi ndogo kuliko kuondoa mapengo.

Mpini unacheza

Bapa linaendelea ndani ya mpini kwa ulimi wa chuma uitwao msuka. Kwenye visu vya plastiki vya bei ndogo msuka ni mfupi kama kidole, umebandikwa tu. Ukianza kucheza, kitupe, maana siku moja bapa litabaki ndani ya fenesi na mpini mkononi mwako. Mpini wa mti uliofungwa kwa ribiti hulegea kwa kulowekwa: mti unavimba, unakauka, unaachia. Ribiti hugongwa upya, nafasi ikajazwa gundi ya epoksi. Kwenye kisu cha mhunzi angalia noleo, ile pete ya chuma mpini unapopokea bapa. Ikipasuka, mti utafuata.

Sasa nenda dukani

Beba sumaku. Ulizia kukishika kisu nje ya karatasi yake. Muuzaji akikataa, nenda duka la jirani. Gusisha sumaku, soma bapa, tazama unene kutoka mbele ya ncha, kisha tazama mgongo kwa urefu kama fundi anavyotazama ubao: ukiwa umepinda, rudisha. Weka makali juu ya meza kama unayekata. Vidole vinavyoshika mpini visigonge meza. Vikigonga, bapa halina upana wa kutosha kwa kazi ya ubao. Lowesha kiganja kidogo ushike tena, maana jikoni mkono haukai mkavu, na mpini wa plastiki unaong'aa ukiwa na mafuta ya samaki haushikiki.

Kwa nyumba ya watu sita au saba, kinachotosha ni kidogo cha sentimita 8 hadi 10 cha mkononi, na cha sentimita 15 hadi 18 cha ubao. Kile cha 20 kinapendeza kama una meza pana. Kwa anayekata akiwa kwenye kigoda ni kirefu. Panga tayari lipo nyuma ya mlango. Seti ya visu sita ndani ya kisimamio cha mbao sijamshauri mtu kuinunua, kwa sababu bei ya viwili vizuri imegawanywa kwa sita, na kile kisimamio hewa yetu ya chumvi inakijaza ukungu kwenye matundu.

Ukifika nyumbani kioshe, kifute, kipeleke kwenye nyanya. Kikiteleza usikasirike, makali ya kiwandani mara nyingi huwa ya haraka. Kipe dakika kumi kwenye upande laini wa kinoo, ukianza na kidole cha mwisho chini ya mgongo wake kupima mlalo.